Juno na saa 72 ambazo filamu haikuzionyesha: jibu la muuguzi wa wodi ya wazazi, Minnesota

Wakuu, habari zenu.

Mleta mada ameangalia Juno akatuletea maswali matatu, na naona wengi wamejibu lile la kwanza tu, tena kwa hasira. Kwa waliochelewa kuingia: anauliza kama kweli binti wa miaka 16 anaweza kuzaa, akamkabidhi mtoto kwa mtu baki, kisha akarudi kwa mpenzi wake kupiga gitaa kana kwamba hakuna lililotokea. Anauliza pia kama kweli Marekani unaweza kumtafutia mtoto wako wazazi kwenye matangazo ya gazeti. Na mwisho, kama ni filamu anayoweza kukaa akaiangalia na binti yake wa miaka 15.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Minnesota, jimbo lile lile ambako hadithi ya Juno imewekwa. Nimewahudumia mabinti waliokuwa kwenye hali kama yake, na nimewahudumia waliokuja kuchukua watoto wao. Filamu hii naipenda sana, na ndiyo maana nataka kuijadili kwa haki. Habari za wagonjwa nimezichanganya makusudi ili asitambulike mtu, lakini hakuna nilichokiandika ambacho sijakiona.

Kwa ambao hawajaiangalia, nitaieleza haraka. Ilitoka mwishoni mwa 2007. Mwongozaji ni Jason Reitman. Aliyeiandika ni Diablo Cody, nayo ndiyo ilikuwa hati yake ya kwanza ya filamu. Mwaka 2008 ikampa Oscar ya hati bora asilia. Juno ameigizwa na Elliot Page, ambaye wakati ule alijulikana kama Ellen Page. Bajeti haikufika dola milioni 8, mapato ya dunia nzima yakapita milioni 230. Walipiga picha British Columbia, Kanada, lakini Cody alikuwa ameishi Minneapolis, jiji la hapa Minnesota, na mimi naisikia Minnesota kwenye jinsi watu wa nyumba ile wanavyopeana habari nzito bila kupaza sauti. Juno MacGuff anapata mimba kwa rafiki yake Paulie Bleeker. Anakwenda kliniki kuitoa, anaondoka bila kuitoa. Anatafuta watu wa kumwasili mtoto, yaani kumchukua awe wao kisheria, anawapata Mark na Vanessa Loring, mke na mume wenye nyumba kubwa na chumba cha mtoto ambacho hakijapata mtoto. Mimba ikiwa imekomaa, Mark anamwacha mkewe. Juno anaamua mtoto atakwenda kwa Vanessa vilevile, hata akiwa peke yake.

Sasa swali la kwanza. Mdau mmoja hapo juu kasema binti yule "kamtupa mtoto". Ndugu yangu, naomba tuongee hapo taratibu.

Kitu kikubwa ambacho filamu imekiacha ni sheria ya saa 72. Hapa Minnesota mama haruhusiwi kusaini ridhaa ya mtoto wake kuasiliwa kabla ya saa 72 kupita tangu ajifungue. Mlichoahidiana miezi yote ya ujauzito, sebuleni mbele ya wakili, hakimfungi. Anaweza kumwambia Vanessa ndiyo mara mia, na hata mtoto akishatoka ile ndiyo bado haina nguvu mbele ya sheria. Akishasaini, anazo siku 10 za kazi za kuitengua saini yake. Zikipita hizo, imekwisha, isipokuwa ithibitike mahakamani kwamba kulikuwa na udanganyifu. Na kwa kuwa Juno ana miaka 16 na hajaolewa, saini yake peke yake haitoshi: wazazi wake nao wanatakiwa kuridhia, na kabla hajasaini lazima apewe nafasi ya kuongea na wakili, kiongozi wa dini au daktari, mtu atakayemsikiliza yeye na si wale wanaomsubiri mtoto.

Filamu inauweka uamuzi barabarani. Juno ametoka kwa akina Loring baada ya kusikia kwamba ndoa inavunjika, anasimamisha gari pembeni, analia, halafu anaandika kikaratasi na kukiacha mlangoni kwa Vanessa: kama wewe bado upo, na mimi bado nipo. Baadaye tunakiona kimetiwa fremu ukutani kwenye chumba cha mtoto. Ni tukio zuri mno, na kila nikiliona machozi yananitoka. Lakini kazini kwangu nimejifunza kwamba uamuzi wa namna ile haufanywi mara moja. Binti anauamua mtoto akiwa tumboni, halafu mtoto anazaliwa, anapata uso, na inabidi auamue upya wote tangu mwanzo, mwili ukiwa umechoka na vichocheo vimepanda na kushuka.

Niwaeleze tunavyofanya. Binti akifika na mpango wa kumtoa mtoto aasiliwe, tunaweka alama ndogo mlangoni kwake ili kila anayeingia, hata anayeleta chakula, ajue asiingie na "hongera mama". Mtoto akizaliwa anavishwa bangili za plastiki zenye namba, mama anavishwa yenye namba ileile, na inabaki moja ya mtu mzima wa pili. Kwa kawaida anavaa baba. Kwa hawa mabinti tunauliza: hii nimvishe nani? Nimeshamwona binti akiishika ile bangili kiganjani muda mrefu, akiipindua, kisha akasema mwite yule mama aliyeko korido. Mama akaja, akatoa mkono wake, na mkono ulikuwa unatetemeka hadi nikashindwa kubana kifungo, ikabidi binti mwenyewe anyanyuke kitandani amshikilie. Hapo hakukuwa na wakili wala karatasi. Ukiniuliza ni lini mtoto yule alipata mama wa pili, nitakuambia ni pale.

Juno na Paulie wanaamua kutomwona mtoto. Wapo mabinti wa hivyo, na haki yao. Sisi tunachofanya ni kuuliza tena kila zamu, bila kusukuma, maana wengi wanabadilika. Nakumbuka mmoja alikataa katakata mchana kutwa, akasema nikimwangalia sitaweza. Usiku wa manane akabonyeza kengele. Akaniomba nimletee, na nizime taa kubwa. Akamlisha chupa yote, akamfunua blanketi akahesabu vidole vya miguu, akamwambia mambo ambayo sikukaa kusikiliza. Asubuhi akaniambia yuko tayari, na alikuwa mtulivu kuliko jana yake. Huyo mdau anayesema "kumtupa mtoto" ningetamani awe na macho yangu usiku ule.

Kuna jambo lingine ambalo sijaliona likisemwa mahali popote kuhusu filamu hii. Sheria ya shirikisho ya 1996 inazitaka bima zinazolipia uzazi zikubali mama alale hospitali angalau saa 48 baada ya uzazi wa kawaida, na 96 akifanyiwa upasuaji. Kwa hiyo binti aliyejifungua kawaida huenda nyumbani siku ya pili. Saa 72 za ridhaa zinatimia siku ya tatu. Na maziwa nayo huanza kujaa lini? Kati ya siku ya pili na ya tano, kwa wengi ya tatu. Mwili haujui habari za wakala wa kuasili watoto wala wakili, wenyewe umeshazaa, basi unatengeneza chakula. Kwa hiyo binti yupo kwenye chumba chake cha utotoni, na mabango yake ukutani, matiti yamejaa hadi hawezi kulala ubavu, fulana imelowa, mtoto hayupo, na siku hiyohiyo ndiyo ya kwanza ambayo sheria inamruhusu kwenda kusaini. Ndiyo maana kabla hajatoka huwa nakaa naye kitandani namfundisha: vaa sidiria inayokaza vizuri lakini isibane, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, usikamue hadi yaishe kwa sababu ukikamua yataongezeka, kamua kidogo tu ya kupunguza maumivu, ukipata homa au titi likiwa jekundu piga simu. Namwambia pia kwamba atavuja damu kwa wiki kadhaa, na kwamba akilia bila sababu anayoijua, sababu ipo. Napenda mama yake au shangazi yake awe pale akisikiliza tunavyoongea, maana binti atasahau nusu yake.

Juno tunamwona kitandani hospitali akilia, baba yake yuko pembeni anamfariji, halafu Paulie anafika mbio kutoka kwenye mashindano ya riadha bila kuambiwa na mtu, anapanda kulala naye. Kisha filamu inaruka hadi kiangazi, Juno anaendesha baiskeli, gitaa mgongoni, anakwenda kwa Paulie wakaimbe. Mleta mada, hapo ndipo ulipopata ile picha ya "kana kwamba hakuna lililotokea". Filamu imegawanywa kwa majira ya mwaka, na kati ya kile kitanda na ile baiskeli kuna wiki nyingi zilizokatwa. Anaweza kurudi kupiga gitaa? Ndiyo, nimewaona waliorudi shule, waliohitimu, mmoja aliniletea picha yake ya mahafali. Lakini hawarudi siku ileile, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba amesahau.

Kuna pia wanaosema hapana, na hili filamu imeligusa kwa namna ya kweli kabisa. Kwenye kile kikao cha kwanza sebuleni, Vanessa anataka kujua Juno ana uhakika kiasi gani, na tunaelezwa kwamba mara iliyopita walikuwa wameshajiandaa kwa kila kitu, mama mzazi akabadili nia. Watu wengi wanamwona Vanessa mwanzoni kama mwanamke mkavu, aliyebana, mwenye nyumba isiyo na vumbi. Mimi nilimjua mara moja. Nimesimama korido na mwanamke wa namna ile siku binti alipobadili uamuzi, siku ya pili, mtoto kifuani. Ilikuwa haki ya binti na nilifurahi kwa ajili yake, na nilikuwa hapo huku namsaidia yule mwanamke kubeba kiti cha mtoto cha gari kitupu hadi kwenye lifti, maana mumewe alikuwa ametangulia kwenda kuwasha gari kwa sababu ya baridi. Alinishukuru. Aliuliza kama mtoto ana afya. Nikamwambia sina ruhusa kumweleza, akasema anaelewa.

Kwa hiyo Jennifer Garner, anayemwigiza Vanessa, anapopiga magoti pale kwenye duka kubwa, anaweka mikono kwenye tumbo la Juno, anaongea na mtoto na mtoto hachezi, halafu anacheza, mimi naona mtu ambaye amejizuia kutumaini kwa muda mrefu. Ni tukio bora kuliko yote ndani ya filamu. Utani unakoma, na Juno, ambaye ana neno la kusema kwa kila kitu, pale ananyamaza. Nadhani ni hapo alipoamua, ingawa kikaratasi kilikuja baadaye. Mark alikuwa anamvutia Juno kwa sababu ya muziki na filamu za kutisha, alikuwa anaongea kama kijana mwenzake. Binti wa miaka 16 alikuwa na akili ya kuona kwamba anayefaa kulea ni yule mwenye hofu.

Swali la pili, la tangazo. Juno na rafiki yake Leah wanapata picha ya akina Loring kwenye gazeti la matangazo madogomadogo. Tangazo linaweza kuwa mwanzo wa kufahamiana, siku hizi wengi wanafahamiana kupitia intaneti, lakini haliwezi kuwa mwisho. Hapa Minnesota anayetaka kuasili anafanyiwa tathmini na wakala mwenye leseni: rekodi za jinai, afya, kipato, ndoa, nyumba yenyewe. Mtoto akitoka hospitali kwenda na watu wasio wazazi wake, anatoka kwa karatasi za wakala au kwa amri ya mahakama, na sisi wauguzi hatumwachii mtu bila kuziona. Filamu imetuonyesha wakili tu. Na pale Mark alipoondoka, ile tathmini iliyoandikwa kwa watu wawili ingebidi irudiwe. Mtu mmoja anaruhusiwa kuasili, kwa hiyo Vanessa hakuwa na kizuizi cha kisheria kwa kuwa peke yake, lakini mwezi ule ungekuwa wa kukimbizana na mafaili ambayo Cody, kwa busara, hakutuonyesha.

Wale mnaouliza kama mtoto anauzwa: hauzwi. Juno mwenyewe anakataa kulipwa. Sheria inaruhusu wanaoasili kulipia gharama zinazokubalika, kama matibabu, ushauri nasaha, wakili na matumizi ya kuishi ya mama hadi wiki 6 baada ya kujifungua, na malipo hayo hayawezi kumfunga amtoe mtoto. Akibadili nia, hadaiwi mtoto wake kama deni.

Jambo linaloniuma zaidi kisheria ni Paulie. Filamu nzima hakuna mtu anayemuuliza anataka nini. Juno anamwambia habari, naye anasema afanye anavyoona ni sawa, basi. Hata siku ya uzazi haambiwi, kwa nia njema, ili asiharibu mashindano yake. Anagundua mwenyewe baada ya kutomwona Juno kwenye jukwaa la watazamaji. Hapa kuna daftari la serikali la akina baba, na mwanamume ambaye hajaoa anayedhani amempa mtu mimba anaweza kujiandikisha hadi siku ya 30 baada ya mtoto kuzaliwa. Akifanya hivyo, hawezi kurukwa, lazima apewe taarifa. Vijana wengi hawajui kabisa kama lipo. Nimemwona mvulana amekaa kwenye ngazi za hospitali na koti la shule, hakuna aliyemwita ndani na hakuna aliyemfukuza, nikamletea chai nikamwambia aulize kwa afisa ustawi wa jamii, chumba kiko ghorofa ya pili. Michael Cera, anayemwigiza Paulie, ameigiza ule ukimya vizuri mno, kwa sababu hapigi kelele za kudai, anakaa tu na jambo kubwa ambalo hakuna aliyempa nafasi ya kulisema.

Kuhusu kliniki nitapita haraka, maana uzi huu sitaki ugeuke ubishi mwingine. Juno anajisajili mapokezini kana kwamba ni jambo la binti peke yake. Wakati ule sheria ya Minnesota ilitaka wazazi wote wawili wajulishwe saa 48 kabla binti wa chini ya miaka 18 hajatoa mimba, au aende kwa jaji kuomba ruhusa. Wote wawili, yaani hata yule mama aliyemwacha Juno, akahamia mbali, na kumtumia mmea wa kaktasi kila Valentine. Mahakama iliiondoa sheria ile mwaka 2022. Kwa filamu ya 2007 lilikuwa pengo kubwa.

Tukio la ultrasaundi siwezi kulipita. Mpigaji picha anasikia mtoto atatolewa, anasema afadhali, kwa maana kwamba binti mdogo hawezi kumlea vizuri. Bren, mama wa kambo wa Juno, ambaye ni fundi wa kucha na hadi hapo tulidhani hana muda na huyu binti, anamgeukia anamwambia yake bila kuuma maneno. Wauguzi wenzangu tukiangalia pale tunatazama chini. Nimefanya kazi na watu wa aina ile. Sauti haipandi, matusi hakuna, ni jicho tu, au swali linaloulizwa mara ya pili bila sababu: una miaka mingapi vile? Binti anasikia. Anaacha kuuliza maswali yake, halafu anakosa kliniki moja, halafu mbili, na presha ya mimba inampanda hakuna anayejua. Mama wa kambo kama Bren chumbani anaokoa zaidi ya heshima. Allison Janney amemwigiza kwa dakika chache tu, na kwangu yeye na J.K. Simmons kama baba ndio mhimili wa filamu. Wazazi wale wanaposikia habari, wanakasirika, wanaumia, halafu swali la kwanza la maana ni vitamini na miadi ya daktari. Ningependa kila mzazi aone jinsi lile linavyofanyika.

Mwingine kasema filamu hii iliwahamasisha mabinti wa Marekani wabebe mimba. Hoja hiyo ni ya zamani, 2008 ilisemwa sana magazetini baada ya mimba nyingi kuonekana kwenye shule moja ya sekondari huko Massachusetts. Takwimu zinakwenda kinyume. Mwaka 2007, kwa kila mabinti 1,000 wa miaka 15 hadi 19, walizaliwa watoto takriban 41. Mwaka 2023 ilikuwa kama 13. Imeshuka tangu Juno itoke, na iliyoishusha ni uzazi wa mpango na vijana kuchelewa kuanza ngono. Filamu haikupandisha wala kushusha.

Sehemu ambayo imezeeka kweli ni ile ya siri. Wakili anapendekeza mawasiliano yawepo, picha na habari za mtoto, Juno anakataa. Anataka mambo ya kale, kama Musa kwenye kisafina chake. Siku hizi mabinti wengi ninaowahudumia wanachagua uwazi wa kiasi fulani: picha mara moja kwa mwaka, barua, wengine kutembeleana. Minnesota makubaliano hayo yakiandikwa na kuingizwa kwenye amri ya mahakama, yanaweza kudaiwa mahakamani, ingawa kuyavunja hakufuti kuasiliwa kwenyewe. Na tangu tarehe 1 Julai 2024, mtu aliyeasiliwa akifikisha miaka 18 anaweza kuomba hati yake ya kwanza ya kuzaliwa na kuipata, yenye jina la mama aliyemzaa, bila mama huyo kuombwa ruhusa. Pigeni hesabu. Mtoto wa Juno, kama angekuwa mtu wa kweli, ndiyo kwanza anafikia umri huo. Siri aliyoitaka mama yake leo anaifungua kwa fomu moja. Mwenzangu mmoja kazini, mtu mzima mwenye wajukuu, aliasiliwa akiwa mchanga na aliomba yake wiki zile za mwanzo. Bahasha ilipokuja aliifungulia kazini, chumba cha chai, kwa sababu hakutaka kuifungua peke yake. Kitu alichokitazama zaidi ni mstari wa umri wa mama. Alikuwa na 16. Maisha yake yote alikuwa anamfikiria kama mwanamke mkubwa aliyemkataa, akasema, kumbe alikuwa mtoto.

Sasa la tatu, binti yako wa miaka 15. Kwa maoni yangu, muangalie. Kiwango chake Marekani ni PG-13, yaani wazazi wanaonywa kuwa huenda haifai kwa walio chini ya miaka 13. Lugha ni ya vijana, kuna maneno makali na mazungumzo ya ngono ya wazi, hakuna picha za uchi za kukukimbiza sebuleni. Usimwachie aiangalie peke yake kwenye simu. Usiisimamishe kila dakika kumhubiria, atafunga masikio. Simamisha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale Juno anapokaa sebuleni kuwaambia baba na Bren. Muulize: ingekuwa wewe, ungetuambia? Ungeanza na nani? Na jibu lolote atakalotoa usilikasirikie, hata kama atasema nisingekuambia, maana umeuliza ili ujue. Mara ya pili ni pale Mark anapocheza muziki na Juno peke yao ndani ya nyumba, kabla filamu haijaonyesha inakokwenda. Muulize anamwonaje huyo mwanamume. Mabinti wengi wa umri ule wanamwona mzuri, anayewaelewa. Mwache aseme, muendelee kuangalia, kisha mrudi kuongelea dakika kumi zinazofuata. Hayo ya mimba atayajua shuleni na kwa wenzake, lakini mtu mzima wa kiume anayeongea na binti kama rika lake, hilo anahitaji kujifunza kulitambua akiwa na wewe pembeni.

Na muziki wa Kimya Dawson, mwimbaji ambaye nyimbo zake zimejaa ndani ya filamu hii, atautaka baada ya hapo, jiandae kuusikia nyumbani mwezi mzima. Wenye maswali ya hospitali au ya sheria za hapa Minnesota niulizeni, nikitoka zamu nitapita kujibu. Majimbo mengine yana saa zao na siku zao, kwa hiyo msichukue 72 na 10 mkadhani ni za Marekani yote.